Kisanduku Changu Hakijahamia kwa Dada Yangu

Mtaa wa Machekeche,
Ksibet er-Rih,
11 Agosti

Kwa Bi Wided Gharsalli,
Mwenyekiti, Kamati ya Mtandao wa Mtaa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, binti yangu,

YAH: KISANDUKU NAMBA 17 KUTANGAZWA MUONGO UKUTANI PA MKAHAWA

Mimi, Tijani Zouaghi, adeli mstaafu, mwandishi wa hati na ndoa wa mji huu, mwenye umri wa miaka sabini na miwili, mwenye akili timamu na nisiyeshurutishwa na mtu yeyote, nakuandikia nikiwa juu ya paa langu mwenyewe, chini ya mlingoti wangu mwenyewe, nimekalia kiti changu mwenyewe. Nayataja haya mapema kwa sababu ndiyo hasa yanayobishaniwa.

Natumai u mzima wa afya, na kwamba shule zikiwa zimefungwa umepata kupumzika kutokana na wale wanafunzi wako wa fizikia. Mimi pia sijambo, isipokuwa jina langu, ambalo limekuwa mgonjwa tangu Jumatatu.

Kabla sijalalamika, nataka ikumbukwe kwamba sikuwahi kuupinga mtandao wenu. Ulipokuja kwangu miaka minne iliyopita kuomba mahali pa kusimika mlingoti, ukanieleza kwamba hapatakuwa na kampuni wala bosi, ni watu wa mtaa tu, kila mmoja na kisanduku chake juu ya paa, na visanduku vipokezane habari paa kwa paa kutoka shuleni hadi zahanati hadi kwenye kinu cha zeituni, nilikubali kabla chai haijapoa. Nilikupa paa, nilikupa umeme, na kama sijasahau nilikupa na makrudi za tende za kupeleka nyumbani.

Sheria hii mpya pia niliiunga mkono. Nilikuwepo mkutanoni mwezi wa pili, baada ya mkasa wa bwana yule, Si Jalloul. Si Jalloul alikuwa ameandika fomuni kwamba kisanduku chake kiko juu ya paa lake, kumbe alishakipeleka shambani kwa shemeji yake. Kilipokufa siku ya mvua, Skander, ambaye kazi yake ya mkate ni kutengeneza mafriji na kazi yake ya thawabu ni kupanda mapaa yetu, alipanda paa la Jalloul kukitafuta. Hakukipata. Alimpata mke wa Jalloul anaanua nguo, naye alikuwa na ufagio. Basi mkaamua kwamba kuanzia sasa kisanduku hakitaaminiwa kwa neno la mwenyewe tu. Kila kimoja kisikiwe na visanduku vitatu vya jirani, vipime sauti yake imechukua muda gani kuvifikia, na kutokana na vipimo hivyo ijulikane kimesimama wapi. Mimi nilinyoosha mikono yote miwili. Nikasema mbele ya watu kwamba hatimaye kimezaliwa chombo kinachoielewa kazi yetu, maana hata sisi hatukumwamini mtu bila mashahidi. Watu walicheka, nikafurahi. Sikujua kwamba muongo wa kwanza kukamatwa atakuwa kisanduku changu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu kubandikwa. Orodha yenu imebandikwa mkahawani kwa Si Boubaker, kati ya kalenda ya mpira na bei ya chai ya karanga za msonobari, mahali ambapo hata asiyejua kusoma husomewa. Visanduku ni arobaini na sita. Arobaini na vitano vimepakwa kijani. Kimoja kimepakwa nyekundu, nacho ni Na. 17, Tijani Zouaghi, na mbele yake pameandikwa: MAHALI HAPAAMINIKI. Chini yake Skander ameongeza kwa kalamu yake, bila kuombwa na mtu: "Kinadai kiko kwa Tijani. Kiko kwa Mannoubia." Mannoubia ni dada yangu.

Mwenyekiti, hebu fikiri kidogo. Neno adeli lenyewe maana yake ni mtu mwadilifu, mtu ambaye akisema jambo limekuwa, limekuwa. Nililibeba neno hilo miaka thelathini na minane. Watu waliuza mashamba kwa sahihi yangu. Waliozana kwa sahihi yangu. Hata Si Jalloul, na ujanja wake wote, hakuwahi kunishika katika uongo, ingawa mimi nilimshika mara nne. Leo Jalloul ni kijani na mimi ni nyekundu. Jumatatu alininunulia kahawa ili kunifariji, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

2. Kuhusu kibla. Jumanne nilikuja kwako kuuliza kulikoni. Ukanijibu kwa upole, kama kawaida yako: "Ami, sisi hatukuisogeza nukta hata kidole. Nukta yako iko palepale siku zote. Tulichobadilisha ni majina ya viwanja tu, tumeyatoa kwenye hati zilizoko ofisi ya mji, baladia." Nilirudi nyumbani nikalitafakari jibu hilo, na kwa heshima zote nimeona kwamba ni jibu la mwalimu aliyechoka. Kama nukta haikusogea na nyumba haikusogea, basi aliyesogea ni nani?

Nimeufanya uchunguzi wangu na mkosaji nimempata. Ni Skander, na kosa lake ni neno moja.

Ulikuwa hujazaliwa, kwa hiyo nitakueleza. Marehemu baba yetu alitugawia nyumba hii akiwa hai, nusu kwa nusu, mimi na dada yangu Mannoubia, ili tusije tukagombana juu ya kaburi lake. Alitia karatasi mbili zenye majina ya nusu hizo ndani ya kofia yake nyekundu ya chechia, akaitikisa, akatuambia tuchote. Dada alichota kwanza kwa kuwa ni mkubwa kwangu kwa miaka mitatu. Aliifungua, akaibusu, akasema amepata upande wa Mungu, akahamia siku hiyohiyo na cherehani yake. Mimi nikachukua iliyobaki, na nikahamia nusu iliyobaki. Maadeli wawili wenzangu wakaandika hati, kwa sababu mimi kwa sheria sikuweza kujiandikia. Ukuta ukapitishwa katikati ya ua. Miaka thelathini na moja hapajatokea neno.

Sasa, nyumba yetu imekaa mshazari. Nusu yangu iko kusini kuelekea magharibi, na ya dada iko upande ule mwingine, kaskazini kuelekea mashariki tunakogeukia tukiswali, kwenye hamamu, bafu la mtaa. Na katika hati za nchi hii, tangu mababu wa mababu, hatuandiki kusini wala kaskazini. Tunaandika kibla, mashariki, jofu na magharibi. Kibla ya hati ni kusini. Jofu ni kaskazini. Kibla ya hati SI kibla ya swala. Nimepiga mstari kwa sababu hilo ndilo somo la kwanza nililowapa wanafunzi wangu wote, wiki ya kwanza, kabla hata hawajaruhusiwa kushika wino. Niliwaambia: mkilichanganya neno hili, mtamtoa mtu ndani ya nyumba yake bila hata kumgusa.

Basi Skander amekwenda baladia, amefungua hati yetu, ameona neno kibla, na kwa kuwa ni kijana mcha Mungu amegeuka kuelekea Makka. Akaiweka nusu ya kibla upande wa hamamu, na majina yakapishana. Mimi ninayekaa kusini ndiye mwenye nusu ya kibla, na sihitaji hata kuifungua hati kulijua hilo, kwa sababu ninaikalia. Simlaumu sana Skander. Friji haina kibla.

3. Kuhusu mashahidi. Mnasema kisanduku changu kimesikiwa na visanduku vitatu. Katika kazi yetu hatukuishia kuhesabu mashahidi. Tuliwauliza wao ni nani.

Shahidi wa kwanza ni kisanduku cha Si Khemais, muuza mafuta, mtu aliyewahi kuniapia mbele ya pipa kwamba mafuta yake ni ya mkamuo wa kwanza. Shahidi wa pili ni cha hamamu ya Lella Zbaida, ambacho kinaishi ndani ya mvuke na masizi kutwa, na sidhani kinasikia vizuri kuliko watu wanaotoka humo. Shahidi wa tatu ni cha shule ya sekondari, ambayo mwalimu wake wa fizikia, bila kumtaja mtu, ndiye mwenyekiti wa kamati iliyotoa hukumu. Zaidi ya hayo, inajulikana kwamba visanduku hivi vitatu vinazungumza kutwa nzima bila kupumzika. Mashahidi wanaopiga soga pamoja kabla ya kutoa ushahidi, sisi tulikuwa tunawafukuza. Naomba viitwe kimoja kimoja na kila kimoja kiulizwe peke yake.

4. Kuhusu maneno ya watu. Haya nayaandika kwa ufupi kwa sababu yananitia aibu. Kinyozi ananiuliza, "Ami Tijani, leo umeamkia wapi?" Mwoka mikate amepeleka mkate wangu kwa dada yangu siku mbili mfululizo, nilipomuuliza akasema, "Nimefuata ramani, Ami." Boubaker ananiletea kahawa huku akitazama juu, eti anatafuta nilipo.

Na Mannoubia mwenyewe. Ningetegemea dada yangu wa damu, mwenye miaka sabini na mitano na magoti mabovu, anitetee. Alikuja Jumanne mchana, akasimama katikati ya ua na mkono kiunoni, akaita kwa sauti ya kusikiwa na mtaa: "Wewe Tijani, kisanduku chako kimehamia kwangu na hukuniambia? Ningekitandikia." Nikamwambia hili si jambo la mzaha, ni jina la baba yetu. Akasema, "Haya basi, kikae. Lakini kivue viatu mlangoni, nimetoka kupiga deki." Kisha akacheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Hana ubaya, huwa anacheka hivyo. Cherehani na kicheko ndivyo vitu viwili vilivyomweka mjini hapa tangu mumewe, mfanyakazi wa reli, alipofariki.

Lakini huyohuyo dada yangu ndiye ushahidi wangu mkubwa, na hapa naomba kamati ikae vizuri. Nusu yake iko chini ya bomba la hamamu. Hamamu inachoma makapi ya zeituni tangu alfajiri, na masizi yote yanatua kwenye paa lake. Hawezi kuanika hata leso. Chumba chake cha ndani kina unyevu kutwa, na ndiyo maana ana magoti yale, nami nimemshauri mara nyingi avae soksi. Nusu yangu, alhamdulillahi, inapata jua tangu linapochomoza hadi linapozama. Basi kila Agosti, wanawake wa mtaa wanapofinyanga kuskusi ya mwaka mzima na kuianika, dada yangu hupanda ngazi hizi taratibu, ngazi moja pumziko moja, kuniomba ruhusa ya kutandaza shuka zake hapa juu. Nami humruhusu. Miaka thelathini na moja sijamnyima hata mara moja, ingawa wasaidizi wake wana kelele na huniondolea kiti changu kivulini. Naye kila mwaka huniletea bakuli la kwanza, la shukrani, lenye siagi na zabibu kavu.

Sasa naiuliza kamati, na Skander ajibu kama anaweza: ni nani aliyewahi kumwona mtu akiomba ruhusa ya kupanda paa lake mwenyewe? Ni nani anayelipa bakuli la kuskusi kwa jua lake? Mahakama zote nilizosimama mbele yake zingefunga faili hapo na kwenda kula.

5. Kuhusu matokeo, ambayo kamati haikuyafikiria. Tuseme visanduku ni kweli. Mimi nalala chini ya kisanduku Na. 17, dhiraa nne chini yake kwa kipimo. Kama kiko kwa Mannoubia, basi na mimi nalala kwa Mannoubia. Kama nalala kwa Mannoubia, basi chumba cha wageni kilichoko hapa chini ni cha Mannoubia. Na katika chumba hicho, mimi na marehemu mwenzangu Si Slaheddine tuliandika ndoa mia mbili na kumi na nne, na kila moja tuliiandika hivi: "imefanyika nyumbani kwa Tijani Zouaghi." Kumbe haikufanyika nyumbani kwa Tijani Zouaghi. Kumbe nimeandika uongo mara mia mbili na kumi na nne, na ndoa zote hizo zina ila.

Miongoni mwake ni ndoa ya Boubaker, ambaye ukuta wake mmeutumia. Ni ndoa ya Skander, ambaye mkewe angefurahi kujua. Na ni ndoa ya Mohsen Gharsalli na Latifa, iliyoandikwa alasiri ya tisa Oktoba, miaka thelathini iliyopita, Mohsen akiwa amevaa soksi za rangi mbili kwa wasiwasi. Hao ni wazazi wako, Mwenyekiti. Sitaki kusema hilo linakufanya wewe kuwa nani. Nasema tu kwamba mtu wa namna hiyo asingeweza kuchaguliwa mwenyekiti, na asiye mwenyekiti hawezi kutia sahihi orodha, na orodha isiyo na sahihi haina nguvu, na kama haina nguvu basi kisanduku changu ni cha kijani. Unaona mwenyewe kwamba ukianza kuniita muongo unarudi palepale kwenye ukweli wangu. Nimeutafuta mlango mwingine wa wewe kutokea, sikuuona.

6. Kwa hayo yote naomba, kwa unyenyekevu:

kwamba jina langu lirudishwe juu ya paa langu kabla ya swala ya Ijumaa;

kwamba nyekundu ifutwe na kijani kipakwe, na kiwe kijani kilekile cha wengine wala si kile cha kufifia alichobakiza Skander kwenye kopo;

kwamba radhi iandikwe na kubandikwa mkahawani, herufi kubwa, mahali pa bei ya chai, na bei ya chai ihamishwe;

kwamba Skander aje kwangu kwa masomo matatu ya mipaka, bure, nami nitampa kahawa;

na kwamba kuanzia sasa, kisanduku cha adeli kiaminiwe kwa neno la adeli, bila mashahidi, kwa sababu adeli ndiye shahidi mwenyewe. Mkianza kuwatafutia mashahidi mashahidi, hamtamaliza, mtafika Tunis.

Nikishaifunga barua hii nitaiteremsha hati yetu na kukunakilia kwa mkono wangu mstari ule wa mipaka, ili kamati iusome na kuona haya. Nitauambatanisha.

Nisalimie sana baba yako Mohsen na umwambie nilikuwa natania kuhusu soksi, ingawa ni kweli. Nisalimie mama yako Latifa, ndoa yake ni salama, asiwe na wasiwasi. Wasalimie wajumbe wote wa kamati, Si Khemais na mafuta yake, Lella Zbaida na moto wake, walimu wenzako, na mwoka mikate akikumbuka ninapokaa. Hata Skander msalimie. Si Jalloul usimsalimie, ananinunulia kahawa kila siku na nimechoka.

Wako katika ukweli na katika mipaka yake minne,

Tijani Zouaghi
Adeli mstaafu
Juu ya paa lake

Tanbihi. Wided binti yangu, barua ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha. Nikateremsha mkebe wa halua ambamo hati yetu imelala miaka thelathini na moja, ili ninakili kama nilivyoahidi. Nimesoma hati za mji mzima. Hii sikuwahi kuisoma. Siku ile wenzangu walinisogezea, nikatia sahihi mahali pa mpokeaji, wakaikunja, nikaitia mkebeni. Nani angeikagua hati ya adeli?

Imeandikwa: nusu ya kibla ni ya Mannoubia. Nusu ya jofu ni ya Tijani.

Nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti. Imeandikwa na maadeli, kwa hiyo ni kibla ya hati, na kibla ya hati ni kusini. Nimekuandikia mwenyewe hapo juu na nikapiga mstari. Kusini ni hapa nilipokaa.

Nimeikumbuka siku ya kuhama. Dada yangu alikuwa na karatasi ya kibla mkononi, akaielewa kama wanavyoielewa watu wote wasio maadeli, akabeba cherehani yake kuelekea upande tunaogeukia tukiswali, chini ya bomba la hamamu. Tulipishana mlangoni. Alisema, "Mimi nimepata kibla, Tijani, nakwenda kibla." Nilimsikia. Nilikuwa nimebeba godoro. Tangu mchana nimekaa hapa najaribu kukumbuka kama nilijua. Sikumbuki kujua. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa na haraka sana ya kuliweka lile godoro.

Kwa hiyo nafuta maombi yote ya namba sita na badala yake naomba haya. Nukta isiguswe. Kisanduku kinasema kweli, na mashahidi wake watatu wamesema kweli, hata yule wa Khemais. Jina langu libaki jekundu hadi nitakapohama. Skander alisoma sawasawa, mwambie hivyo, na aje Jumamosi na watu wa kubeba kabati. Kisanduku na mlingoti vibaki hapa kwa jina la Mannoubia, kama yeye atapenda. Mkahawani msibandike barua, bandikeni tanbihi hii peke yake, lakini isiwe kabla ya Ijumaa, kwa sababu yeye bado hajui, na wa kumwambia ni mimi. Nimemshauri avae soksi, Wided. Miaka yote hiyo.

Jana asubuhi alipanda zile ngazi, kama kila Agosti, kuniomba ruhusa ya kuanika kuskusi yake. Nilimjibu kwamba mwaka huu nitafikiria. Nikishabandika bahasha hii nateremka kugonga mlango wake, nimwambie, na nimwombe ruhusa ya kulala hapa hadi Jumamosi. Naye ana haki ya kufikiria.